Gharama za kesi dhidi ya serikali nchini Kenya: jinsi ya kuziomba, kuzikadiria na kuzidai hadi zilipwe

Mwenye mkahawa aliyefungiwa biashara na serikali ya kaunti bila kusikizwa huenda Mahakama Kuu, akashinda, na jaji akamaliza hukumu kwa maneno matano: "Mwombaji atalipwa gharama za kesi." Hutoka kortini akiamini hundi iko njiani. Maneno hayo lakini hayataji kiasi wala tarehe, na hayamruhusu dalali kugusa hata kiti kimoja cha ofisi ya kaunti. Kati ya maneno hayo na pesa mkononi kuna karatasi nyingi, na wengi huchoka njiani. Ofisi ya umma iliyoshindwa kesi hunyamaza tu, na ukimya huo ukaifanya ishinde. Jambo hili linanikera sana, maana aliyeonewa na serikali akishinda kesi huku ameuza shamba kumlipa wakili, bado ameonewa.

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa kesi za mapitio ya kimahakama, yaani zile za kumwomba jaji achunguze kama ofisi ya umma ilifuata sheria na haki ilipoamua jambo. Njia ni ileile, kwa sehemu kubwa, kama kesi yako iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hauchukui nafasi ya wakili wako. Utakusaidia kumuuliza maswali yenye maana.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinampa jaji uhuru wa kuamua nani alipe gharama, lakini kinaweka msingi: gharama hufuata matokeo, isipokuwa jaji akiwa na sababu nzuri ya kuamua vingine. Mahakama ya Juu ililieleza hili mwaka 2014 katika kesi ya Jasbir Singh Rai dhidi ya Tarlochan Singh Rai: gharama si adhabu kwa aliyeshindwa, ni fidia kwa aliyeshinda kwa taabu ya kuendesha kesi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, iliyotungwa kutekeleza Ibara ya 47 ya Katiba, nayo inaorodhesha gharama miongoni mwa amri ambazo jaji anaweza kutoa, katika kifungu cha 11.

Pamoja na hayo yote, katika mapitio ya kimahakama utakuta hukumu nyingi zinazoishia na "kila upande ubebe gharama zake". Majaji husema suala lilikuwa la umma, au fedha zitakazolipwa ni za walipa kodi. Hoja ya kwanza naielewa. Ya pili naona imetumika kupita kiasi: mwenye mkahawa naye ni mlipa kodi, na ofisi isiyoonja gharama ya makosa yake haina sababu ya kuyaacha. Kwa hiyo usikae ukitegemea kwamba gharama zitakuja zenyewe. Jenga hoja yake tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Anza kabla ya kufungua kesi

Jaji anapopima gharama hutazama mwenendo wa pande zote mbili. Andika barua. Kifungu cha 6 cha Sheria ya 2015 kinakupa haki ya kuomba sababu za uamuzi kwa maandishi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Isipojibu, sheria inachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Barua hiyo yenye muhuri wa "imepokelewa" ina uzito mara mbili: inasaidia kesi yenyewe, na baadaye inaonyesha kwamba uliwapa nafasi ya kujirekebisha wakaikataa. Ila usikae ukiingoja huku saa inayoyoma: chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, maombi ya kubatilisha uamuzi yana kikomo cha miezi 6 tangu uamuzi utolewe.

Kama kuna bodi ya rufaa au kamati ya malalamiko ndani ya ofisi husika, ipitie kwanza. Kifungu cha 9 cha Sheria ya 2015 kinataka hivyo, isipokuwa mahakama ikikuruhusu kuiruka kwa sababu za kipekee. Mtu aliyekimbilia kortini akaruka ngazi anaweza kufukuzwa, na akafukuzwa na gharama juu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua bahasha moja ya kesi hii, na kila risiti iingie humo: ada ya kufungua kesi, nakala, viapo kwa kamishna wa viapo, nauli ya kupeleka hati, malipo ya mpelekaji hati. Andika nyuma ya risiti ilikuwa ya nini. Risiti za mafuta na karatasi za joto hufifia, zipige picha siku ileile.

Hatua ya 2: Omba gharama waziwazi, na useme nani alipe

Chini ya Agizo la 53 la Kanuni za Utaratibu wa Madai, huanza na ombi la ruhusa ya mahakama, kisha ukipewa ruhusa una siku 21 za kuwasilisha maombi yenyewe. Katika hatua zote mbili, ombi la gharama liwe na namba yake, lisiwe mkia wa ombi jingine. Maana yake iwe hivi: mjibu maombi wa kwanza, na wa pili kama yupo, wamlipe mwombaji gharama za ombi la ruhusa na za maombi haya, pamoja na riba ya gharama hizo.

Maneno hayo yana kazi mbili ambazo watu hawazioni. Kwanza, kumtaja anayelipa. Kesi nyingi huwa na wajibu watatu au wanne: wizara, shirika, Mwanasheria Mkuu, pengine na mtu binafsi aliyefaidika na uamuzi. Amri isiyotaja mlipaji ni tiketi ya kurushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Pili, riba. Kifungu cha 27 kinaruhusu riba juu ya gharama isiyozidi 14% kwa mwaka, lakini mahakama ndiyo huitoa, kwa hiyo iombe.

Kisha katika mawasilisho ya maandishi, tenga aya mbili tatu za gharama pekee. Taja barua ambazo hazikujibiwa, tarehe ambazo kesi iliahirishwa kwa sababu upande wa serikali haukuwasilisha majibu, na kama ofisi hiyohiyo iliwahi kuambiwa na mahakama kuhusu kosa hilohilo. Mawakili wengi huandika kurasa 15 za sheria na mstari mmoja wa gharama. Jaji naye hujibu kwa mstari mmoja.

Je, ukishindwa?

Swali hili liulizwe mapema. Serikali ikishinda inaweza kuomba wewe ulipe. Mahakama za Kenya zimezoea kuwaonea huruma walioleta kesi ya kweli ya haki za kikatiba au ya manufaa ya umma, na mara nyingi huazima msimamo wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Biowatch ya 2009: serikali ikishindwa ilipe, raia akishindwa kila mmoja abebe zake. Hiyo si kinga kwa kila mtu. Kesi ya kugombea tenda ya mamilioni haitazamwi kama kesi ya wazazi waliofungiwa shule, na kesi ya utani au ya kukomoana italipiwa. Kama unaomba haki za kikatiba, Kanuni za 2013 za kulinda haki hizo, kanuni ya 26, zinamtaka jaji anapoamua gharama azingatie kwamba kila mtu aweze kuifikia mahakama. Itaje.

Hatua ya 3: Wakiondoa uamuzi wao katikati ya kesi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Umefungua kesi, umepata ruhusa, labda na amri ya kusimamisha utekelezaji. Ghafla barua inakuja: kaunti imerudisha leseni yako. Siku ya kutajwa kwa kesi wakili wao anasimama na kusema suala limekwisha, kesi iondolewe bila amri ya gharama. Wewe una furaha, unataka kwenda kufungua mkahawa. Unaitikia.

Usiitikie kabla ya kuzungumzia gharama. Umepata ulichokitaka kwa sababu ya kesi, na hayo ni matokeo kama matokeo mengine. Una njia mbili. Ya kwanza ni makubaliano ya maandishi yanayotaja kiasi na tarehe ya kulipa, yakarekodiwa na mahakama kuwa amri. Kiasi kidogo kilichokubaliwa na kurekodiwa kinaokoa miezi ya ukadiriaji. Ya pili, mkishindwa kuelewana, ni kukubali kesi ifungwe lakini suala la gharama pekee libaki kwa jaji, mwasilishe hoja fupi. Ofisi iliyoondoa uamuzi wiki moja baada ya kupelekewa hati za kesi, na haikujibu barua miezi mitatu nyuma, ina kazi ngumu ya kueleza kwa nini wewe ubebe gharama.

Hatua ya 4: Hukumu ikishatoka

Soma mstari wa mwisho siku hiyohiyo. Kama haukutaja nani alipe, wakili wako ainuke aombe ufafanuzi jaji akiwa bado kitini. Kisha andaa rasimu ya amri, uipeleke kwa upande wa pili waikubali au waikatae. Wasipojibu ndani ya siku 7, Agizo la 21 linakuruhusu kumwandikia msajili wa mahakama aitie saini na muhuri bila wao. Usingoje.

Serikali ikitaka kukata rufaa ina siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Kumbuka kwamba notisi hiyo peke yake haisimamishi chochote. Lazima waombe amri ya kusimamisha utekelezaji na waipate. Tofauti na wewe, serikali haidaiwi dhamana inapoomba amri hiyo, na hilo limo katika Agizo la 42. Usitishwe na barua inayosema "tumekata rufaa, tafadhali subiri".

Hatua ya 5: Ankara ya gharama

Sasa geuza maneno kuwa tarakimu. Wakili huandaa ankara ya gharama kwa kufuata Kanuni za Malipo ya Mawakili, Jedwali la 6, kisha Naibu Msajili wa mahakama huikadiria, yaani hupima kila kipengele na kuamua kiasi cha kulipwa. Ankara ina safu tano: tarehe, namba ya kipengele, maelezo ya kazi, kiasi, na safu tupu ambamo Naibu Msajili huandika alichokata. Pesa ulizotoa mfukoni huandikwa kando, mwishoni.

Kipengele kikubwa ni ada ya maagizo, yaani malipo ya wakili kwa kuibeba kesi. Tangu marekebisho ya 2014, kima cha chini kwa kesi za aina hii zilizopingwa ni Sh100,000. Kupanda juu ya hapo kunategemea uzito wa suala, wingi wa hati, ugumu wa sheria na maslahi ya wahusika. Kama kulikuwa na matayarisho ya kusikizwa na kesi ilipingwa, kuna ada ya matayarisho ambayo si chini ya theluthi moja ya ada ya maagizo. Tuchukue mfano wa kubuni: Naibu Msajili akikubali ada ya maagizo ya Sh180,000, matayarisho ni Sh60,000. Weka na risiti zako za Sh14,500, jumla ni Sh254,500. Riba ya 14% kwa mwaka mmoja ni Sh35,630. Ndiyo maana nilisisitiza riba.

Jaribu la hatua hii ni tamaa. Mtu anaandika ada ya maagizo ya milioni kumi kwa sababu biashara yake ina thamani kubwa. Katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Waziri wa Kilimo, iliyoletwa na Muchiri W'Njuguna, jaji alieleza mwaka 2006 kwamba mapitio ya kimahakama ni suala la sheria ya umma, na gharama zake zisipimwe kwa faida ya biashara ya mtu. Na tangu kesi ya Premchand Raichand ya 1972, mahakama zetu zimeshikilia kwamba gharama zisipande hadi korti ikawa ya matajiri tu, ingawa aliyeshinda arudishiwe kwa haki alichotumia. Ankara ya kiasi, yenye kila kipengele kinachoonekana kwenye faili, hupita haraka. Ankara iliyovimba hukatwa, huletewa malalamiko, na hukupotezea mwaka.

Kama ulijitetea mwenyewe bila wakili, usiandike ada ya wakili ambaye hukumwajiri. Dai ulichotoa: ada za mahakama, nakala, usafiri. Hapo ile bahasha ya risiti ndiyo ankara yako.

Peleka notisi ya ukadiriaji kwa upande wa pili na uweke hati ya kiapo ya kupelekwa kwake kwenye faili. Mara nyingi hakuna atakayekuja kutoka serikalini, na Naibu Msajili hataendelea mpaka aone kwamba waliarifiwa.

Hatua ya 6: Usiporidhika na makadirio

Una siku 14 za kumwandikia Naibu Msajili ukitaja vipengele unavyopinga na kuomba sababu. Ukishapata sababu, siku 14 nyingine za kwenda kwa jaji. Jaji haingilii kwa sababu tu angetoa kiasi tofauti. Mpaka umwonyeshe kosa la kisheria, au kiasi kikubwa au kidogo kupita kiasi. Kwa tofauti ya elfu ishirini, ningekushauri uache uendelee mbele.

Hatua ya 7: Cheti cha amri dhidi ya serikali

Hapa wengi huteleza. Kwa mtu binafsi, ukishakuwa na cheti cha gharama, yaani hati ya kiasi kilichokadiriwa, unamtuma dalali akamate mali. Kwa serikali, kifungu cha 21 cha Sura ya 40, sheria inayohusu kesi za serikali, kinakataza kukamata mali yake, na kifungu kidogo cha 5 kinazihusisha serikali za kaunti. Kinga hii imekuwa ikipingwa mahakamani na hukumu mpya huendelea kutoka, kwa hiyo muulize wakili hali ilivyo sasa kabla ya kuchagua njia. Njia iliyozoeleka ni hii.

Baada ya gharama kukadiriwa na siku 21 tangu amri kupita, ombeni Naibu Msajili atoe cheti cha amri dhidi ya serikali. Si hati ileile kama cheti cha gharama, ingawa vinafanana na makarani wengine huvichanganya. Kina jina la anayedai, kiasi na riba. Mpelekee Mwanasheria Mkuu, au ofisi ya mwanasheria wa kaunti, na nakala kwa afisa mhasibu wa idara inayodaiwa. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, maana sheria inamwamuru yeye alipe. Kwenye wizara ni Katibu wa Wizara. Kwenye bunge la kaunti ni karani wa bunge. Kwenye idara za kaunti, uliza ni afisa gani aliyeteuliwa kwa maandishi na waziri wa fedha wa kaunti.

Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Mwaka 2012, katika kesi ya Fredrick Manoah Egunza dhidi ya Katibu wa wizara ya usalama wa ndani, mahakama ilisisitiza kwamba bila cheti kutolewa na kupelekwa, afisa huyo bado hana wajibu wa kulazimishwa.

Mashirika ya umma ni jambo tofauti. Mengine yana sheria yenye kifungu kinachokataza mali yao kukamatwa, mengine hayana. Soma sheria iliyoliunda shirika lako kabla ya kuamua kama unahitaji cheti au dalali.

Hatua ya 8: Wakinyamaza

Andika barua ya mwisho ya madai, uwape muda wa kueleweka, mfano siku 30. Wasipolipa, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumshurutisha afisa mhasibu alipe. Ambatanisha amri ya awali, cheti cha gharama, cheti cha amri dhidi ya serikali, uthibitisho wa kupokelewa na barua ya madai. Mtaje kwa cheo chake, maana maafisa huhamishwa lakini deni hubaki na ofisi.

Watakachokujibu ni kwamba bajeti haikutenga fedha. Katika kesi ya James Alfred Koroso mwaka 2013, Mahakama Kuu ilikataa kwamba kinga ya kukamatwa mali iwe njia ya serikali kumnyima mtu matunda ya hukumu yake. Hata hivyo kuwa na busara: ukipeleka cheti mapema, kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa, unawanyang'anya kisingizio hicho. Bodi na idara huandika orodha za madeni ya kulipwa, na deni lisilo na karatasi mezani halimo.

Amri ya kushurutisha ikitolewa na kudharauliwa, kinachofuata ni maombi ya kumwadhibu afisa kwa kudharau mahakama. Hapo ndipo jambo linakuwa la mtu na si la ofisi tena, na anaweza kuitwa mbele ya jaji aeleze. Amri lazima iwe imemfikia yeye mwenyewe au ithibitishwe kwamba aliijua. Siku ya kuitwa, mara nyingi hundi hupatikana au hutolewa ratiba ya kulipa kwa awamu. Ratiba hiyo ikubalini mbele ya mahakama, irekodiwe, na isemwe kwamba wakikosa awamu moja maombi yanaendelea pale yalipoishia.

Pesa zikilipwa kidogo kidogo, kila risiti unayotoa iandikwe "malipo ya sehemu" pamoja na salio na riba hadi tarehe hiyo. Wakili wako naye akupe hesabu ya maandishi: kiasi gani kimeingia akaunti ya wateja, kiasi gani ni ada yake kwa mkataba wenu, na kiasi gani ni chako. Ada ya wakili kwa mteja wake huwa kubwa kuliko gharama zinazolipwa na upande ulioshindwa, kwa hiyo ulizeni tofauti hiyo mnapoanza kesi, na jibu liwekwe kwenye mkataba.